Mimi Sikuwa Ruthu

Mwanangu Sekela,

Umetoka na bodaboda kwenda Kyela mjini kusuka, na msusi wako namjua, hatakuachia kabla ya saa kumi na moja. Kwa hiyo nina alasiri nzima peke yangu. Nimekaa barazani, kakao iko juani kwenye mkeka, na kuku wawili wananivizia niiname kwenye karatasi ili waje waipekue. Ukiona mwandiko umekatika mahali, ujue nilikuwa nafukuza kuku.

Mambo ya kila siku nayaruka. Huko Mpanda unakokwenda kuanza kazi watakupa nyumba au hawatakupa, maji yatatoka au hayatatoka. Umesomea uuguzi miaka mitatu, sasa mimi nikufundishe nini kuhusu kuchemsha maji? Mchele nimeshaupepeta na kuufunga. Hayo yamekwisha.

Ninalo jambo moja tu la kukuandikia, na nimelikimbia tangu hujazaliwa. Kanisani kwetu wananiita Ruthu, kama yule mkwe mwaminifu wa kwenye Biblia. Umekua ukilisikia jina hilo: Ruthu wa Ngana, mkwe aliyemuuguza baba wa mume wake miaka minane, akamlisha, akamwogesha, hakunung'unika hata siku moja. Ulipokuwa darasa la tano uliandika insha juu yangu, mwalimu akaisoma mbele ya wenzako, ukaja nayo nyumbani unakimbia. Niliipokea, nikakushukuru, nikaenda jikoni nikalia. Ukadhani ni furaha. Na juzi tu umeniambia kwamba mgonjwa akikuchosha wodini, unamkumbuka mama yako na nguvu zinakurudia.

Siwezi kukuacha uende na nguvu iliyosimama juu ya uongo. Leo nakueleza jinsi babu yako alivyopooza. Ukimaliza kusoma huenda usinitazame tena kama ulivyonitazama asubuhi tukila viazi. Naogopa hilo kuliko ninavyoogopa safari yako. Lakini naandika.

Nilipoletwa hapa Ngana nikiwa mke mpya nilikuwa na miaka ishirini. Wewe umelelewa kitandani kwa babu yako, ukimchezea ndevu, kwa hiyo huijui ile mila yetu ya kumwogopa baba mkwe ilivyokuwa. Familia nyingi za kanisani zilikuwa zimeshailegeza, wakwe wakisalimiana kwa mkono kama watu wengine. Babu yako hakuilegeza. Mkwe hakutakiwa kumtazama baba mkwe, wala kukutana naye njiani, wala kuingia alipoketi. Nikisikia kikohozi chake natoka njiani, naingia migombani, nachuchumaa, najifunika kanga usoni mpaka apite. Haikuwa chuki, ilikuwa heshima, na mimi niliijua kazi hiyo vizuri. Miaka minne nilimfahamu babu yako kwa miguu yake tu. Kidole gumba cha mguu wa kushoto hakikuwa na ukucha.

Katika miaka hiyo minne mimba zangu mbili ziliharibika. Siku moja nilikuwa nyuma ya nyumba nachambua mboga, nikamsikia babu yako akimwambia baba yako, kwa sauti ya kawaida kabisa kama mtu anayezungumzia jembe, "Mwanangu, tafuta mwingine. Huyu atakumalizia umri." Baba yako akanyamaza. Nilimsubiri aseme neno, hata moja, hakusema. Basi nikaenda kupika zile mboga, wakala, wakasifia. Yale maneno niliyaweka moyoni nikayafunika, na yakaanza kuoza.

Sasa nisikilize vizuri. Ilikuwa mwezi wa mvua, mvua zenyewe zimepumzika kidogo. Bibi yako alikuwa amekwenda msibani, baba yako alikuwa Kasumulu kule mpakani akipakia malori, ndiyo kazi yake siku hizo. Natoka mtoni na ndoo kichwani, nikaiona ile miguu inakuja. Nikafanya kama siku zote: nikatua ndoo, nikaingia migombani, nikajifunika. Nikasubiri apite. Hakupita. Nikasikia kishindo, kisha sauti ambayo haikuwa ya kukohoa.

Niliinua pindo la kanga nikamwona. Alikuwa ameanguka nusu njiani nusu majanini, mdomo umevutwa upande, mkono mmoja ukikwaruza udongo. Na macho yake yalikuwa yanatazama upande wangu.

Watu wangekuambia kwamba mila ndiyo iliyonizuia. Mimi mwenyewe nilijiambia hivyo muda mrefu. Si kweli. Nyumba ya jirani ilikuwa karibu kama hapa na kisimani. Ningeweza kwenda kumwita mtu. Ningeweza kupiga yowe tu, mwanangu, yowe halivunji mila ya mtu yeyote! Sikupiga. Nilirudisha kanga usoni, nikampa mgongo, nikakaa chini. Nikasema moyoni mwangu, akae kidogo. Na yeye aone ilivyo kuwa kitu kilichokwisha. Mila niliifanya pazia, na nyuma ya pazia nilikuwa mimi na chuki yangu, tumetulia kabisa.

Nilikaa pale mpaka kivuli cha mgomba kilipohama kutoka mguu wangu mmoja kwenda mwingine. Niliposikia sauti ya bibi yako uani, nilizunguka na njia ya mtoni, nikaingia na ndoo yangu kama mtu aliyetoka mbali. Bibi yako alikuwa ameshamkuta njiani. Nikaulizwa. Nikasema sikujua, nilikuwa mtoni nafua. Na wale wanawake waliokuja wakanihurumia! "Hata angekuwepo angefanya nini, maskini, si mkwe huyo." Hospitalini daktari alimwambia bibi yako kwamba angewahishwa, huenda upande wa kulia usingekufa. Nilikuwa nimesimama nyuma yao, nimeshika chupa ya chai.

Bibi yako alimuuguza mwaka mmoja, kisha malaria ikamchukua yeye. Baba zako wadogo walikuja zamu kwa zamu, halafu zamu zikawa haba, halafu zikakatika. Mimi nilikuwa napika, nasukuma sahani mlangoni kwa babu, kanga usoni, naondoka. Harufu ya chumba kile ilianza kufika mpaka uani. Watu waliona nashika mila. Niseme ukweli, na mimi nilikuwa nimeshaanza kuona hivyo.

Hapo ndipo alipoingia Mama Lusajo. Unamjua, alikuwa mwenyekiti wa umoja wa wanawake tangu enzi hizo na hadi leo hakuna aliyethubutu kumwondoa. Mwaka ule alianzisha mafundisho ya wanawake wa kwenye Biblia: kila mmoja anapewa mwanamke wake, anakwenda kusoma, Alhamisi anakuja kuwaeleza wenzake. Kwetu hapa mwanamke asiye na mtoto hupewa Hana kama vile ni sare. Nilikuwa nimeshapewa Hana mara mbili huko nyuma, na wageni wa mkutano, na mke wa mchungaji. Mama Lusajo akaniangalia kwa upole wake ule wa kuudhi, akasema, "Gwe, wewe chukua Hana. Omba kama yeye."

Nilirudi nyumbani nimenuna. Hana alikuwa mzuri, sikatai, lakini Hana alikuwa anaonewa, anamlilia Mungu kwa moyo safi. Mimi na moyo wangu ule ningelilia nini? Niliweka ndizi jikoni, nikakaa na Biblia mapajani, nikaipita sehemu ya Hana kwa hasira, nikaanza kufungua fungua tu. Ikafunguka kwa Hajiri.

Nilikuwa nimeisoma habari ile tangu Shule ya Jumapili. Mjakazi amefukuzwa, anatangatanga jangwani na mtoto, maji ya kiriba yamekwisha. Akamlaza mtoto chini ya kichaka, akaenda akakaa mbali kidogo, asimwone akifa. Nilipofika hapo nikaangalia nyuma kama kuna mtu. Hajiri alikaa mbali kwa sababu alipenda mno, mimi nilikaa mbali kwa sababu nilichukia mno, tofauti hiyo naijua. Lakini tulikuwa tumekaa mkao mmoja. Kuna mtu amelala kichakani, na mwanamke amegeuza uso.

Nikatafuta mahali ambapo Mungu anamkaripia. Nikasoma polepole, kidole kwenye mstari, nikijua karipio linakuja na nikitaka linipige na mimi. Halikuja. Mungu hakumuuliza kwa nini umekaa huko. Alimtaka ainuke, amwinue mtoto, amshike mkono. Basi. Na alipoambiwa hivyo ndipo macho yake yakafunguka akaona kisima.

Sekela, sikuomba. Watu wakisimulia siku waliyompata Mungu husema walipiga magoti. Mimi nilisimama. Nilijua nikipiga magoti kwanza nitabaki hapo nikijisikitikia, na babu yako ataendelea kulala na inzi. Niliacha ndizi jikoni, nikachukua beseni, sabuni na maji ya uvuguvugu, nikaingia kile chumba ambacho sikuwahi kukanyaga. Kanga bado nilikuwa nimejifunika.

Sikujua kwamba mtu mzima aliyepooza ni mzito vile. Wewe umefundishwa namna ya kuweka goti na kuzungusha bega, mimi nilimkumbatia tu kama gunia na kumvuta. Nilimwogesha. Vidonda vya mgongoni nilivisafisha, naye akauma meno bila kutoa sauti. Nilipomaliza ndipo nilipopiga magoti, kando ya kitanda, nikamshika ule mkono wake mzima. Nikamwambia, "Baba, siku ile nilikuwepo. Sikuwa mtoni. Nilikuona ukianguka, nikakaa."

Nilisikia pumzi yake tu. Kisha akautoa mkono wake mkononi mwangu, nikajua amenikataa, na nikaona ni haki. Ule mkono ukaja kichwani kwangu. Ukashika kanga. Ukaivuta taratibu mpaka ikashuka mabegani.

Babu yako alinitazama, na mimi nikamtazama. Mwaka wa sita ndani ya nyumba yake, na ukiacha ile siku ya migombani, ndiyo mara ya kwanza namwona uso. Alikuwa na macho ya baba yako, yale yale, na mimi sikuwa najua.

"Ninajua," akasema. Maneno yake yalikuwa yanaburura mguu. "Niliona kanga." Akapumzika. "Nilianza mimi."

Nililia kilio ambacho sijawahi kulia hata kwenye msiba wa mama yangu. Yeye pia machozi yalikuwa yanamtoka, upande mmoja yanakwenda sawa, upande mwingine yanapotelea kwenye ndevu. Halafu akanusa hewani, akasema, "Ndizi." Zilikuwa zimeungua, moshi umejaa uani! Nilikimbia, nikarudi na sufuria, tukala zile zilizobaki nzima, mimi na baba mkwe wangu, sahani moja. Alicheka kwa nusu ya mdomo. Nakuapia mwanangu, harusi yangu haikuwa na furaha ile. Nilikuwa nimesalimisha kila kitu, sina cha kujitetea, sina heshima ya kulinda, na nilijisikia nimeshinda vita ambavyo sikujua napigana.

Wewe ulikuja mwaka uliofuata. Nakuomba usiseme, na usimruhusu mtu aseme, kwamba Mungu alinilipa. Mungu hakufanya biashara na mimi. Hata usingekuja, mlango ule ungebaki wazi na mimi ningebaki mtu aliyesamehewa. Ulikuja kwa sababu ulikuja, na babu yako alikupakata kwa mkono mmoja akakataa kukuachia mpaka ulipomkojolea.

Ningeweza kuishia hapo, barua ikawa nzuri. Lakini kuna jingine, na hili linaniaibisha zaidi kwa sababu halina hasira ndani yake. Babu yako alinisamehe, nami sikumwambia mtu mwingine. Watu walipoona naingia kwake, naosha, nalisha, wakashangaa, wakaanza kusifu. Siku ya mazishi yake mzee mmoja wa kanisa akaniita Ruthu mbele ya umati. Wewe ulikuwa na miaka saba, ulinishika sketi. Jina lile lilininogea. Nililivaa. Kila lilipotajwa nilikuwa nainamisha kichwa kama mnyenyekevu, kumbe nalisikilizia. Mbele ya Mungu nilikuwa huru na mbele ya watu nilikuwa mwongo, na mtu anaweza kuishi hivyo miaka mingi, anakula, analala, anaimba kwaya.

Mwaka huu, kwa Jumapili ya wanawake, Mama Lusajo akanipa yule mwanamke aliyetokwa damu miaka kumi na miwili. Nilimkubali bila kununa, maana uzee umenipunguzia kiburi. Mwanamke yule alipenya kwenye umati, akagusa vazi la Yesu kwa siri, akapona. Siku zote nilikuwa nalaumu kidogo moyoni: kwa nini Yesu alisimamisha msafara na kuuliza nani amenigusa? Ameshapona, mwache aende zake na aibu yake! Safari hii nikaona. Kama angeachwa aende, angekuwa mzima maisha yake yote, lakini mzima wa kuibia. Angekuwa anajificha na uponyaji wake. Alikuja akitetemeka, akaeleza ukweli wote mbele ya wote. Na ni baada ya hapo tu ndipo alipoitwa binti.

Jumamosi nilimwambia baba yako. Alisikiliza, akatoka, akaenda kwenye kakao, akakaa huko mpaka jua likalegea. Aliporudi alinawa mikono akaniambia, "Baba alinieleza mwaka aliokufa. Akasema nisikuguse kwa neno, nikungoje useme mwenyewe." Kisha akasema lingine, na hili nakuandikia kwa ruhusa yake: "Na mimi siku ile nilinyamaza. Ningesema neno moja kwa ajili yako, pengine yote haya yasingekuwepo." Watu wazima sisi, tumeoana miaka karibu thelathini, tulikaa tukashikana mikono kama wachumba.

Jumapili ulikuwa Mbeya ukifuatilia barua yako ya ajira. Mama Lusajo alinisimamisha: "Sasa tumsikilize Ruthu wetu." Nikasema, "Mimi sikuwa Ruthu." Nikaeleza yote, miguu, kanga, yowe ambalo sikupiga, ndoo niliyorudi nayo. Sikupunguza. Nilipomaliza nikasikia bati la kanisa likitanuka kwa joto. Nikasema basi, nimekwisha, na nikashangaa kwamba siogopi.

Mama Lusajo alisimama, na fimbo yake, nyonga zake zile mbovu, akaja mpaka mbele. Nilidhani anakuja kuninyang'anya nafasi. Alinishika mkono akawageukia wenzetu. "Ee Kyala, Mungu wetu! Miaka yote nawagawia wanawake hawa kama kanga za zawadi, na mimi wangu sijamtaja." Akaeleza lake. Silo langu kukuandikia, lakini lilikuwa zito kuliko langu. Kisha mwanamke wa kiti cha nyuma akasimama. Kisha mwingine. Mchungaji alikunja karatasi ya mahubiri yake akaitia mfukoni. Saa nane mchana tulikuwa bado tunaimba, vigelegele mpaka barabarani, watu waliokuwa wakipita na baiskeli zao wakasimama kuuliza kuna harusi ya nani. "Ndaga fijo," walikuwa wananiambia wakinikumbatia, asante sana, asante, kana kwamba nimewapa kitu. Ndiyo maana juzi sokoni ulishangaa wanawake wakinishika mikono na hawataki kuniachia.

Huko uendako watakupa jina, mwanangu. Watakuita malaika, maana mikono yako ni myepesi na unapenda watu. Pokea asante, lakini jina usilihamie. Na kanisa lolote utakaloliingia wakikugawia mwanamke wa kwenye Biblia, chukua kwa adabu, kisha ukifika nyumbani mtafute wako mwenyewe. Wapo wengi mle ndani: wanaocheka wakati mbaya, wanaodanganya, waliokaa wamegeuza uso. Yupo mmoja atakayekufanya uangalie nyuma kama kuna mtu. Huyo ndiye. Kaa naye.

Niliandika barua hii nikikusudia kuificha katikati ya nguo zako, uikute Mpanda, uisome mbali nami, nisiuone uso wako. Nimefika hapa nikaona ninachokifanya. Mwanamke huyu bado anachagua mahali pa kukaa ambapo hataona!

Hapana. Nitakupa mkononi. Utaisoma hapa barazani, nami nitakaa mbele yako, kichwa wazi, mpaka mstari wa mwisho. Utakavyonitazama ndivyo nitakavyotazamwa.

Bodaboda imesimama kule njiani. Nakuona unashuka, umependeza, unacheka na dereva.

Nakuja kukupokea.

Mama yako